Injini Nyekundu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Gari la Baba mkwe linauzwa. Katangaza mwenyewe mezani, kijiko mkononi. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari kasema wasingoje zaidi. Gari likiuzwa, Mama anafanyiwa upasuaji. Lisipouzwa, hali itabaki hii hii. Jana asubuhi kaliuliza kabati kama limelala salama, akidhani ni mimi. Kabati halikujibu. Baadaye kamlalamikia mke wangu kwamba siku hizi nanuna.

Mnunuzi kapatikana. Mama mmoja anayeuza mayai kwa jumla, anatafuta gari la kubebea trei zake. Anakuja Jumamosi kuliangalia.

Ndipo mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, akasema ataliosha gari na kulipiga polishi bure. Baba akamtazama kwa mapenzi. Huyu bwana mimi namwita Bwana Pasi, kimoyomoyo, maana sijawahi kumwona na shati lenye kunyanzi. Mwaka jana alipaka geti la Baba rangi ya kijani, na mpaka leo kila mgeni akibisha hodi anaanza kulisifu geti. Mimi naishi humu humu ukweni, chumba cha uani, mimi na mke wangu, "kwa muda". Sijawahi kusifiwa hata kwa kulifunga hilo geti.

Nikasema na mimi nitafanya kitu. Baba akauliza kitu gani. Nikasema ataona. Akasema angependa asione. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisionekane nimeumia.

Wazo nimelipata bafuni. Pasi ataosha nje, si ndiyo? Basi mimi nitashughulikia ndani. Mnunuzi yeyote mwenye akili hufungua boneti!

Jumanne, 5 Machi

Nimetoka kazini mapema. Nilimwambia bosi jino linauma. Kazi yenyewe ni kukodisha viti vya shughuli, haihitaji meno, lakini akaniruhusu.

Nikaenda duka la vifaa vya magari kutafuta rangi inayostahimili joto la injini. Muuzaji ni dada mmoja, miwani kaipachika juu ya kichwa. Nikamwambia mimi ni fundi magari. Sijui kwa nini. Mdomo ulijifungukia wenyewe.

Akauliza napaka sehemu gani. Nikasema injini. Akasema injini ina mengi. Mwili wenyewe hupata moto kupita maji ya chai kidogo tu, lakini bomba la moshi, pale linapotokea, huiva kiasi cha kuunguza mbao. Kopo la huku halifai kule, litababuka siku ya kwanza. Nikasema hilo nalijua. Akauliza injini ni ya chuma au ya aluminiamu. Nikasema ni ya gari.

Akaishusha miwani kutoka kichwani ili anitazame vizuri.

Baada ya hapo akanieleza kila kitu pole pole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Niondoe grisi yote kwa sabuni yake maalumu. Nifunike plagi, mikanda na nyaya. Nipulize nyembamba nyembamba, nisiwe na pupa. Ikikauka niwashe injini kidogo, niizime ipoe, niwashe tena kwa muda zaidi, rangi iive kwa joto la injini yenyewe. Ikishaiva haibanduki, akasema. Bomba la moshi akanishauri nisiliguse kabisa. Nikamwitikia kwa kichwa kila neno, jasho linanitoka.

Rangi zilikuwepo nyeusi, ya kijivu, ya bluu na nyekundu. Akasema watu wengi hurudishia rangi ile ile iliyokuwepo. Nikalikumbuka geti la kijani. Nikachukua nyekundu.

Jumatano, 6 Machi

Baba na Mama wamepelekwa kliniki na Bwana Pasi, kwa gari lake. Nyumba yangu peke yangu! Jino likauma tena.

Nimesugua injini mpaka mikono ikawa si yangu. Uchafu wa miaka na miaka, wote chini. Nikafunika plagi na nyaya kwa nailoni. Nikapuliza. Nyembamba nyembamba, sikuwa na pupa. Nikapaka mwili wa injini, nikapaka mfuniko wa oili, nikapaka boliti moja moja, nikapaka hata vile vyuma vinavyoshika betri, maana kopo lilikuwa bado lina uzito na sikutaka kulitupa. Bomba la moshi sikuligusa. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo.

Nilipowasha injini ili rangi iive, harufu ikajaa mtaa mzima. Jirani akachungulia ukutani na kuuliza ni nini hicho. Nikamwambia mke wangu anapaka rangi kucha. Akauliza anazo ngapi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua boneti alfajiri. Jamani! Nimekwaruza kwa kucha, haitoki. Nimesugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, haitoki. Haina tone lililochuruzika wala mahali palipovimba. Mimi! Mtu ambaye rafu aliyoipigilia ukutani ilianguka na vikombe vya arusi!

Mke wangu kaniuliza kwa nini naimba. Nikamwambia maisha ni mazuri. Akaniuliza nimefanya nini. Huyu mwanamke hana imani.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Bwana Pasi kaja asubuhi na ndoo yake, shati jeupe, akaosha gari bila kulowa. Nikamwacha apokee sifa zake. Zangu zilikuwa chini ya boneti, zimetulia.

Mama Mayai akafika. Mama wa makamo, mpole, anasema taratibu. Akalizunguka gari, akabonyeza tairi, akakaa ndani. Baba akamrudia yale aliyomwambia kwenye simu: injini hii haijawahi kufunguliwa wala kuchezewa na mtu, ni kubadilishwa oili tu. Alisema akiwa amenyoosha mgongo. Baba ni mtu ambaye akizidishiwa chenji hurudi dukani. Mimi nikasogea karibu, niwe wa kwanza kuziona nyuso zao.

Boneti ikafunguliwa.

Mama Mayai hakushtuka. Alitazama tu, kama mtu aliyekuta unywele kwenye sahani yake ugenini. Kisha akamgeukia Baba kwa adabu zote.

"Mzee, uliniambia haijaguswa."

Baba naye akachungulia. Mdomo ukabaki wazi. Akasema hajui. Akasema tena kwamba hajui, na mara ya pili sauti ilikuwa ndogo. Mama Mayai akasema si neno, ila anavyojua yeye, injini kuukuu hupakwa rangi mpya ili kuficha inapovuja, na yeye anabeba mayai, hawezi kununua gari litakalomwacha njiani. Akafunga boneti kwa mikono miwili, bila kishindo. Angeibamiza ningepata nafuu. Akaaga.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nimesimama pale pale, nina ulimi na pumzi. Nikauliza kama kuna mtu anataka maji ya kunywa.

Hakuna aliyetaka. Baba akakaa kwenye ngazi. Akasema aliyeshika injini yake mara ya mwisho ni fundi wake wa siku zote, alipobadilisha oili, na kwamba binadamu hawana shukurani. Mama akauliza kutoka ndani kama gari limechukuliwa. Nilitamani ardhi ipasuke, initie ndani pamoja na maji yangu.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu kazikuta ndala zangu chini ya kitanda. Nyekundu pembeni, na katikati umebaki mchoro wa nyayo zangu. Alizishika moja huku, moja huku, akanitazama.

"Kumbe ni wewe," alisema, na hakuongeza.

Akakaa kitandani kanipa mgongo. Baadaye akasema nimwambie Baba leo leo, kabla hajaenda kumvaa fundi wa watu. Nikaahidi. Nikapiga moyo konde, nikatoka. Baba alikuwa anasikiliza redio. Si vizuri kumkatiza mtu mzima redio yake. Nikangoja. Taarifa ya habari ikaisha, na Baba akavaa viatu akatoka, na mimi bado nangoja.

Karudi macho mekundu. Kasema amemwambia fundi hatakanyaga tena gereji yake. Fundi aliapa kwamba hajapaka kitu, akaapa na kwa watoto wake, na Baba akamwita mwongo mbele ya wateja. Watu hawa wamejuana tangu mke wangu hajazaliwa.

Nina aibu. Lakini nimefikiri sana, na naona kusema sasa hivi kutamuumiza Baba bure. Dawa ni kuirudisha injini ilivyokuwa. Ikiwa kama zamani, kutakuwa na nini cha kusema?

Nimejaribu thina. Haitoki. Nimejaribu msasa chini chini, ukaisha msasa. Yule dada wa dukani alisema kweli, haibanduki. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na siwezi kuifuta!

Jumatatu, 11 Machi

Bosi kauliza habari za jino. Nimesema limehamia upande wa pili.

Nimerudi dukani. Nikamwomba yule dada rangi ya kustahimili joto, lakini iwe kama ya injini ya zamani. Akauliza kijivu? Nikasema siyo kijivu. Nyeusi? Siyo nyeusi hasa. Kahawia yenye weusi, na vumbi vumbi, na kama ina mafuta mafuta kwa mbali. Wateja wengine wakaacha walichokuwa wanafanya.

"Fundi," aliniambia, "unataka rangi ya uchafu?"

Nikasema ni ombi la mteja wangu. Akajibu kwamba dukani kwake hakuna uchafu wa kopo, huo watu hujitengenezea nyumbani. Nikamshukuru kwa dhati. Sikuwa nimeliwaza hilo.

Nimepata oili chafu kwenye gereji ya mbali. Ya fundi wa Baba niliipita nimejifunika uso na gazeti, nikagonga nguzo. Nikachanganya oili na majivu ya jikoni, nikapaka kwa brashi ya viatu, injini nzima, wakati Baba kapumzika baada ya chakula. Nusu saa, na wekundu wote ukapotea. Ukiitazama utasema haijaguswa tangu kiwandani. Nimenawa na kunawa, haijatoka mikononi, lakini nitavaa shati la mikono mirefu.

Jumanne, 12 Machi

Hakika mimi ni mtu wa ovyo.

Baba kaamua kumpeleka Mama kliniki leo, wakamwombe daktari aisogeze mbele tarehe ya upasuaji kwa sababu gari halijauzwa. Mama kaketi mbele, mkoba magotini. Mimi nilikuwa uani nafua ndala. Injini ikawaka. Wakafika getini.

Oili chafu ikipata joto hutoa moshi. Hilo hakuna aliyeniambia! Moshi mweupe, mzito, ukatoka pembe zote za boneti. Jirani akapiga kelele moto. Watu wakaja na ndoo, na mmoja na mto wa kochi, sijui kwa nini. Mama akatoka garini bila viatu, mikono mbele, hajui ashike wapi, akaita jina la mke wangu. Sauti ile bado iko masikioni mwangu.

Bwana Pasi akatokea. Huyu naye hutokea tu. Akavua shati lake jeupe, akafungia mkono, akafungua boneti, akapangusa. Moshi ukapungua. Shati likawa jeusi, na pale alipopangusa, injini ikachomoza nyekundu.

Baba akatazama wekundu. Akatazama weusi uliokuwa juu ya wekundu. Akauliza nani. Mimi nikainamisha macho, na nilipoinamisha nikaona mikono yangu. Nilikuwa nimekunja mikono ya shati ili nifue. Myeusi mpaka kwenye viwiko. Kila mtu alikuwa ameshaiona kabla yangu.

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikajibu kwamba nilitaka gari lipendeze, linunuliwe haraka, Mama apone. Ni kweli. Lakini si kweli yote, na Baba alinitazama kama anayengoja nusu iliyobaki, na nusu iliyobaki ni kwamba nilitaka kusifiwa kama geti. Hilo sikulisema. Akaingia ndani. Hakunitukana. Ningekuwa mimi ningenitukana.

Mama alikuwa bado amesimama barabarani. Nikamshika mkono nimrudishe. Nilianza kuomba radhi, maneno yakagongana. Akanipigapiga mkono ule ule mweusi.

"Usijali, mwanangu. Mimi sikuona kitu."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Mke wangu alikuja kunitazama, akasimama kidogo, akaniletea sabuni.

Alhamisi, 14 Machi

Baba kanigongea mlango asubuhi, kavaa koti. Kasema twende.

Kwanza gereji. Fundi alikuwa chini ya gari, hakutoka. Baba akaongea na miguu yake. Akasema amemkosea, akasema na kwa kosa gani, bila kujitetea. Kisha akasema aliyepaka ni huyu hapa. Fundi akajisogeza nje, akampa Baba mkono, wakashikana muda mrefu. Mimi akaniuliza nimetumia rangi gani, maana imeshika kwelikweli. Nikamtajia. Nakiri kwamba kifua kilinivimba kidogo. Baba aliona. Kikashuka.

Kisha kwa Mama Mayai. Duka limejaa wateja na trei mpaka darini. Baba akasema kwamba mimi nina neno la kumwambia. Nikaanza kueleza jinsi vyuma vinavyohitaji kulindwa na unyevu. Baba akakohoa. Basi nikasema. Jino, rangi, geti, ndala, fundi, majivu, yote. Kwa sauti, kwa sababu mteja wa nyuma aliomba niongeze sauti. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Hakuna rangi ingestahimili.

Mama Mayai akauliza kama nilipaka na mfuniko wa oili. Nikasema ndiyo. Na boliti? Zote. Na vishikio vya betri? Nikasema rangi ilibaki. Akaweka trei chini ili isimponyoke, akacheka mpaka akashika ukuta. Wateja nao. Mtoto mgongoni kwa mama yake naye akacheka, na yeye hajui hata gari ni nini.

"Mwizi hupaka panapovuja," alisema akijifuta machozi. "Huyu kapaka kila kitu. Huyu si mwizi, mzee, huyu ni mkwe tu."

Baba akacheka. Tangu Jumamosi sikuwa nimeyaona meno yake. Nikafurahi, na papo hapo nikataka kujificha nyuma ya mayai. Mama Mayai kasema atakuja na fundi wake aipime injini, na ikiwa nzima atalichukua. Ni nzima. Kwa hiyo gari la Baba limeokolewa na ujinga wangu, mimi mwenyewe nikiwa shahidi.

Jumanne, 19 Machi

Limenunuliwa! Mama kafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza leo. Daktari kasema umekwenda vizuri. Mama Mayai, alipokuwa anaondoka na gari, kamwambia Baba kwamba injini ataiacha nyekundu vile vile, inamchekesha kila akiikumbuka. Bosi wangu naye kaisikia hadithi yote. Ananunua mayai pale. Habari ya jino anayo.

Ijumaa, 22 Machi

Mama kafunguliwa jicho. Anapumzika kwa dada wa mke wangu mpaka Jumapili, kule kuna utulivu. Tulikwenda wote. Alianza kumtazama Baba, muda mrefu, akamwambia amezeeka. Baba akasema na yeye. Wakashikana mikono, na sisi tukatazama dirishani.

Kisha akaniita mimi. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga. Akasema kumbe mimi ni mwembamba hivi, na nina uso wa huruma, si ajabu mtoto wake alinikubali. Nilitaka kuomba radhi vizuri, kwa mpangilio, nilikuwa nimejiandaa njiani. Nikaishia kusema pole, Mama, na ahsante, Mama. Aibu ikanishika upya, mbele ya jicho linaloona.

Baba akasimama, akasema mbele ya wote kwamba ana ombi moja kwangu. Nisitengeneze, nisipake, nisipambe wala nisiboreshe kitu chake chochote, mpaka siku atakayozikwa, na hata jeneza niliache. Bwana Pasi akaitikia kwa kichwa. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, na machozi yalinilenga. Nimekoma. Kabisa.

Jioni nimekaa sebuleni peke yangu, nikamfikiria Mama. Jumapili ataingia humu na kuiona sebule yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Atayaona makochi. Yamepauka, jamani! Anayakumbuka yana maua mekundu, na sasa hata mke wangu hajui yalikuwa ya rangi gani. Ataumia, mtu aliyetoka upasuaji.

Baba alisema vitu vyake. Makochi aliyanunua Mama.

Nimepita dukani, kuuliza tu. Kuna unga wa kutia vitambaa rangi, unachanganya na maji ya moto na chumvi. Upo wa zambarau na wa machungwa. Nikauliza kama utakauka kabla ya Jumapili. Muuzaji kasema itategemea jua. Nimetoka uani kuangalia mawingu, na naona kesho jua litakuwepo.